Maneno Hayo Si Yangu

Kwa miaka mingi nilikula mshahara wa kusimama kati ya kizimba na meza ya jaji, nikitafsiri. Kazi yenyewe, ukiitazama kwa jicho la mgeni, ilikuwa ya kushangaza. Jaji Mtanzania, mawakili Watanzania, mshtakiwa Mtanzania, wazee wa baraza, wale raia waliokaa na jaji kumshauri, ndio usiseme. Mle ndani hakuna aliyekuwa hajui Kiswahili. Lakini kumbukumbu za Mahakama Kuu zilikuwa zikiandikwa kwa Kiingereza. Kwa hiyo mtu alisema jambo kwa Kiswahili, likasikiwa na wote kwa Kiswahili, na lilipofika kwenye karatasi lilikuwa limeshavaa suti na tai. Sheria ilibadilishwa mwaka 2021, Kiswahili kikafanywa lugha ya mahakama. Kabla ya hapo ni mahakama za mwanzo ndizo zilizoandika kwa lugha ileile aliyoisemea mshtakiwa.

Mimi ni karani, sikusomea sheria. Niliyoyajua niliyaokota kwa kukaa nayo karibu. Na katika yote niliyotakiwa kuyahamisha kutoka lugha moja kwenda nyingine, hakuna lililonitoa jasho kama kukana.

Kukubali kuna utaratibu wake na umezoeleka. Tangu uamuzi wa Adan dhidi ya Jamhuri uliotolewa mwaka 1973 na Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki, hakimu haruhusiwi kuridhika na "ni kweli" ya harakaharaka. Shitaka lisomwe na kufafanuliwa katika lugha ambayo mshtakiwa anaielewa, maneno yake yaandikwe kwa kadiri inavyowezekana kama alivyoyatamka, upande wa mashtaka ueleze jinsi tukio lilivyokuwa, kisha aulizwe tena kama anakubaliana na maelezo hayo. Makarani tunaijua njia hiyo kwa moyo. Ni kwenye "hapana" ndipo Kiingereza cha sheria kinapokuwa na vichochoro.

Kuna *deny*, ambalo kila aliyefika sekondari analijua. Asili yake ni Kilatini, *denegare*, likapita kwa Wafaransa wa zamani kabla ya kuwafikia Waingereza. Ndani yake kuna kitenzi *negare*, kusema hapana. Waingereza wamelitwisha mizigo miwili. Mtu akikana shitaka, wanatumia neno hilo. Mtu akinyimwa dhamana, wanatumia hilohilo. Kwetu hayo ni mambo mawili yasiyo na undugu: anayekana ni yule anayetuhumiwa, anayenyima ni yule aliyeshika. Kijana mmoja aliyeletwa ofisini kwetu moja kwa moja kutoka chuoni aliwahi kutafsiri amri fupi, ikatoka kwamba "mshtakiwa amekana dhamana". Ndugu zake walipoisoma wakamfuata mahabusu wamefura. Unakataaje dhamana na sisi tumehangaika na wadhamini wiki nzima? Yule maskini hakujua hata wanazungumzia nini.

Halafu kuna kukana kwa hila, ambako kumewekewa kanuni yake kabisa katika Sheria ya Mwenendo wa Madai, sheria ambayo mifupa yake imetoka kwenye ile ya India ya mwaka 1908. Inasema hivi: ukidaiwa kwamba ulipokea kiasi fulani cha fedha, haitoshi kukana kiasi hicho. Unatakiwa ukane kiasi hicho pamoja na sehemu yake yoyote, au useme basi ulipokea ngapi. Na jambo ambalo hukulikana waziwazi linaweza kuhesabiwa kuwa umelikubali. Naamini aliyeiandika kanuni hiyo aliwahi kumkopesha ndugu yake.

Niliona maana yake nikiwa bado mahakama ya wilaya. Mama muuza mchele alikuwa anamdai jamaa laki tano. Jamaa akasimama, mkono kifuani, sauti ya uchungu: "Mheshimiwa, laki tano ya huyu mama mimi sijawahi kuishika." Ukimtazama utasema anadhulumiwa. Hakimu hakuinua hata kichwa. "Na laki nne?" Kimya. "Tatu na nusu?" Jamaa akaanza kukagua viatu vyake. Yule mama akaguna kwa nguvu hadi askari akamwonya.

Lakini neno lililonikosesha usingizi ni *repudiate*.

Nilikutana nalo kwenye nakala za hukumu, siku zote likiwa sambamba na jingine, *retract*, na siku zote likihusu ungamo la mshtakiwa. Kamusi niliyokuwa nayo ilinipa "kataa, kana, kanusha" kwa la kwanza, na kwa la pili ikanipa kitu kisichopishana sana na hicho. Kwa hiyo nikawa nayatafsiri yote mawili "kukana", na hakuna aliyelalamika. Ni jaji mmoja mtu mzima, mpole, mwenye mwandiko mbaya kupita kiasi, aliyenikalisha siku moja baada ya kikao na kunieleza nasaba ya neno hilo. Alikuwa mpenzi wa Kilatini kama wengine walivyo wapenzi wa mpira.

Kwa Warumi, aliniambia, *repudium* ilikuwa kumwacha mke au mume. Wanasheria wao wametuachia maneno yaliyotumika: *tuas res tibi habeto*, yaani vitu vyako kaa navyo. Mimi nimekulia pwani, nimeona sanduku la jirani likitolewa barazani asubuhi; hapo sikuhitaji ufafanuzi. Kiingereza kilipolichukua neno hilo katika karne ya 16 lilikuwa bado limebeba ile ndoa yake. Mwanamume akimtaliki mkewe, hilo ndilo lililotumika. Baadaye likatanuka: mtu akawa anakataa imani aliyokuwa nayo, anakataa tuhuma, anakataa deni. Mwaka 1918 serikali mpya ya Wabolshevik ilipotangaza kwamba madeni ya mfalme wa Urusi haiyatambui, Waingereza hawakutafuta neno jingine. Na kwenye mikataba lina makao ya kudumu. Mwaka 1852 bwana De la Tour alimwajiri bwana Hochster awe msaidizi wake safarini barani Ulaya kuanzia tarehe 1 Juni, na mwezi Mei akamwarifu kwamba hamhitaji tena. Hochster hakuingoja Juni ifike. Alifungua shauri Mei hiyohiyo. Mwaka uliofuata mahakama ikampa haki, kwamba aliyeukana mkataba ameshauvunja hata kama siku ya kuanza kazi haijafika.

Nikamwambia jaji kwamba, kwa maelezo yake, neno hilo halibishi kama jambo lilitokea. Linabisha kama ni lako. Akasema, "Sasa unaanza kunielewa, mama."

Na kwetu lipo. Baba anapomkana mtoto, habishi kwamba mtoto amezaliwa. Mtoto yuko pale, analia, ana pua ileile ya babu yake. Anachokana ni kwamba ni wake. Nilikuwa nimelitumia neno hilo tangu utotoni bila kuona kwamba lina vyumba viwili: kukana tendo, na kukana umiliki.

Sasa kwa nini jambo hili liwe na uzito mahakamani? Kwa sababu ya maelezo ya onyo. Mtuhumiwa akikamatwa, polisi wana muda wa kumhoji, na kwa kawaida sheria yetu imeuwekea mpaka wa saa nne tangu aliposhikwa, zaidi ya hapo lazima uongezwe kwa utaratibu. Anaonywa kwamba si lazima aseme chochote na kwamba atakachosema kinaweza kutumika dhidi yake, kisha maelezo yake yanaandikwa. Akiwa amekiri humo, karatasi hiyo inaweza kumpeleka gerezani maisha yake yote au zaidi ya hapo. Sheria ya Ushahidi inautwisha upande wa mashtaka mzigo wa kuthibitisha kwamba aliungama kwa hiari. Na karibu kila shauri nililowahi kukaa, karatasi hiyo ilipotolewa, mtu aliyekuwa kizimbani aliruka futi mia moja.

Kuruka kwenyewe ndiko kwenye matawi. Mwaka 1967, katika rufaa ya Tuwamoi dhidi ya Uganda, Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki iliyakata matawi hayo vizuri, na hadi leo majaji wa Tanzania, Kenya na Uganda wanaitaja hukumu hiyo. Ungamo linalorudishwa nyuma, hilo ndilo la *retract*, ni lile ambalo mshtakiwa anakubali kwamba alilitoa, ila sasa anajitoa, kwa mfano akidai alipigwa, alitishwa au aliahidiwa kitu. Ungamo linalokanwa, la *repudiate*, ni lile ambalo anasema hakulitoa kabisa. Mahakama ikasema yote mawili yapokelewe kwa tahadhari, na kwa kawaida yatafutiwe ushahidi mwingine wa kuyaunga mkono, ingawa jaji akiridhika kabisa kwamba lazima ni ya kweli anaweza kuyategemea yenyewe. Halafu kuna maneno madogo ambayo wasomaji wengi huyaruka: mahakama iliongeza, au yanayokanwa na kurudishwa nyuma kwa pamoja.

Ukisoma hivyo utadhani tofauti haina kazi, maana tahadhari ni moja. Kazi inaonekana kwenye ushahidi. Anayesema "nilipigwa" ataulizwa makovu, ataulizwa kwa nini hakumwonyesha hakimu siku ya kwanza, ataulizwa PF3, ile fomu ya polisi ya kwendea matibabu, iko wapi. Anayesema "sikusema" ataonyeshwa saini, ataonyeshwa dole gumba, ataitiwa askari aliyeandika. Ukimpa mtu mlango usio wake, maswali yote atakayoulizwa yatakuwa ya mtu mwingine, naye atajibu vibaya na ataonekana mwongo.

Hilo nililiona kwa macho katika shauri la mauaji, kwenye kikao cha Mahakama Kuu kilichokuwa kimehamia wilayani. Mshtakiwa alikuwa mzee mfugaji, mkimya. Wakili wa serikali alipoomba maelezo ya onyo yapokelewe kama kielelezo, wakili wa utetezi akasimama kupinga, akasema kwa Kiingereza kwamba mteja wake anayakana. Jaji akashusha miwani na kumwuliza ni lipi kati ya yale mawili. Wakili alikuwa kijana, shauri amepangiwa na mahakama, mteja wake amezungumza naye kidogo sana. Akageuka kumtazama mzee. Ukumbi wote ukageuka kumtazama mzee.

"Mzee, hayo maelezo unasemaje?" jaji akamwuliza mwenyewe.

"Maneno hayo si yangu, Mheshimiwa."

Kisha jaji akanitazama mimi. Alikuwa ameelewa kila neno, kwao na kwangu ni mwendo wa basi moja. Alichokuwa anakingoja ni Kiingereza, kwa sababu hicho ndicho kitakachoandikwa na ndicho kitakachosomwa huko Mahakama ya Rufani na watu ambao hawatauona uso wa mzee.

Ukiyatazama maneno yale manne, yanabeba kila kitu. Sikuyasema. Niliyasema kwa kulazimishwa, kwa hiyo si yangu. Nilisema mengine, wakaandika mengine. Hata mwenye hatia kamili anaweza kuyasema hivyo, akimaanisha lugha ile ya kipolisi, "mimi mtuhumiwa niliyetajwa hapo juu", si lugha yake. Nikayatoa kwa Kiingereza kama yalivyo, maneno si yake, bila kugusa lile neno la Warumi wala lile jingine. Jaji akaniuliza kama nina la kuongeza. Nikamjibu, "La kuongeza analo mwenyewe, Mheshimiwa."

Kikaanza kinachoitwa shauri ndani ya shauri, yaani kesi ndogo ya kuamua kama karatasi ile inafaa kupokelewa. Wazee wa baraza hutolewa nje wakati huo ili wasisikie jambo ambalo huenda likakataliwa. Wakatoka, wamechukizwa kidogo. Hakuna mtu mzima anayependa kuambiwa atoke watu wazima wazungumze.

Mzee akaulizwa. Kituoni alikuwepo? Alikuwepo. Aliulizwa maswali? Aliulizwa. Alijibu?

"Nilijibu. Niliulizwa kama wale ng'ombe ni wangu, nikasema ni wangu. Niliulizwa kama marehemu namfahamu, nikasema ni mtoto wa dada yangu. Yule kijana akaandika ukurasa, akaandika mwingine, akaandika mwingine. Mheshimiwa, mimi sikusema kurasa."

Na dole gumba?

"Dole ni langu. Mkono aliushika yeye."

Niliandika hayo kwenye daftari langu binafsi usiku ule, kwa sababu nilijua sitasikia tena maelezo mazuri kama yale ya ile "au kwa pamoja" ya mwaka 1967. Sehemu alisema, na hiyo alikubali ni yake. Sehemu hakusema, na hiyo aliikana. Dole alikubali ni lake, lakini kuliweka pale hakukuwa kwa hiari yake. Kama ningemchagulia neno moja mwanzoni, wakili wa serikali angekuwa na haki ya kumshika palepale: umesema hukutoa maelezo, sasa unasemaje kwamba ulijibu?

Nilikuja kujua baadaye kwamba mtego huo ulishawanasa wengine mbali na kwetu. Katika rufaa ya Ajodha kutoka Trinidad na Tobago, iliyoamuliwa mwanzoni mwa miaka ya 1980 na Privy Council ya London, baraza lililosikiliza rufaa za mwisho kutoka huko, jaji wa chini alikuwa ameona kwamba mtu anayesema maelezo si yake hawezi tena kulalamika kwamba alilazimishwa, achague moja. Privy Council ikasema hapana. Mtu anaweza kudai kwamba maneno hakuyatunga yeye na kwamba saini ilipatikana kwa kipigo, na suala la hiari linabaki palepale likisubiri kujibiwa. Kenya wao walikwenda mbali zaidi: mwaka 2003 waliyafungia nje maungamo yaliyotolewa polisi, na mwaka 2007 wakayarudisha kwa masharti, kwamba yatolewe mbele ya jaji, hakimu, au ofisa wa polisi mwenye cheo ambaye si mpelelezi wa shauri lenyewe, na hapo awepo mtu wa tatu ambaye mtuhumiwa amemchagua. Kwangu mimi huyo mtu wa tatu ndiye wa maana kuliko cheo. Yeye ndiye anayeweza kusema nani alitamka nini.

Jaji wetu aliyakataa maelezo ya mzee. Aliona hiari haikuthibitishwa, na pia kwamba kuandika kulianza saa nyingi kupita zile nne bila nyongeza yoyote kuombwa. Shauri likaendelea kwa mashahidi waliobaki. Wazee wa baraza waliporudi, mmoja akaninong'oneza, "Mwanangu, ile karatasi imekwenda wapi?" Sikuwa na ruhusa ya kumjibu, na nadhani mpaka leo ana neno na mimi.

Sasa kumbukumbu zinaandikwa kwa Kiswahili na makarani wapya wananiuliza yale maneno mawili waandikeje. Mapendekezo hayakosi. Kuna waliojaribu "ungamo lililokanwa" na "ungamo lililofutwa", lakini la pili linakosewa haraka, maana msomaji anadhani mahakama ndiyo imelifuta. Wakili mmoja mtani alipendekeza kwamba kurudisha nyuma ungamo tukuite kula matapishi, kama wanavyoambiana wanasiasa. Tulicheka, halafu nikaona hata kama adabu ingeruhusu, lisingefaa. Anayekula matapishi anajulikana kwamba ni yeye aliyeyatapika, na maneno yalitoka kwake kwa hiari yake. Huyu anayedai alipigwa hajakubali hilo. Mitaani tunasema "ameruka", tukiwa na maana ya yote mawili, na ukitaka kusisitiza unasema karuka kimanga. Hilo nalo halisaidii kitu kwenye hukumu.

Ninachowaambia ni waandike sentensi nzima. "Mshtakiwa anakana kwamba alitoa maelezo haya." Au: "Mshtakiwa anakubali kwamba alitoa maelezo haya, ila anadai alilazimishwa." Au, kwa watu kama yule mzee: "Mshtakiwa anakubali sehemu, anakana sehemu, na anadai dole gumba lilichukuliwa bila hiari yake." Hakimu mmoja ninayemheshimu sana alilalamika kwamba sentensi hizo zinamlia nafasi, kwamba Kiingereza kilikuwa kinamaliza kwa neno moja. Nikamwuliza, kwa heshima zote, hilo neno moja lilikuwa likiandikwa kabla au baada ya mshtakiwa kuulizwa alichomaanisha. Akasema tuendelee na shauri linalofuata, na kwenye lile shauri akauliza.